Jiwe la Kabula

Ngumi ya mtoto ikigonga mlango wa mbao za mninga haitoi mlio mkali. Hutoa kishindo kizito, kilichozibwa, kama mtu anayetwanga kwenye kinu kilichofunikwa gunia. Nalijua hili kwa sababu nilikisikia kishindo hicho nikiwa na umri wa miaka tisa, asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, nikiwa nimesimama mstari wa mbele wa shule yetu karibu na Ipole, kusini mwa Tabora, nikighani ngonjera mbele ya wageni. Mlango ulikuwa wa bani letu, kile kijumba kirefu cha udongo tulichokaushia tumbaku. Ngumi zilikuwa za dada yangu Kabula. Na aliyesukuma komeo kwa nje, akahakikisha mara mbili kwamba limekaa sawasawa, nilikuwa mimi. Nimeiweka sentensi hiyo hapa mwanzoni kwa makusudi. Nimesoma kumbukumbu nyingi za watu waliokua na ndugu wenye ulemavu, na wengi wao huuficha ukatili wao mpaka ukurasa wa mwisho, msomaji akiwa ameshampenda mwandishi. Mimi sitaki kupendwa kwanza.

Kabula alinizidi miaka miwili. Alizaliwa mvua ikinyesha, kama jina lake linavyosema kwa Kinyamwezi, na Mama alipenda kutuambia kwamba mvua ile haikuwahi kukatika masikioni mwake: alisikia kila kitu, tena kwa nguvu kuliko sisi. Sufuria ikianguka, alijikunja chini kama aliyepigwa. Vicheko vya watu wengi kwa pamoja vilimtoa machozi. Alizungumza kwa sentensi alizozibeba kutoka redioni, nzima nzima, kwa sauti ya mtangazaji mwenyewe. Ukimwamkia asubuhi "mwangaluka," alikujibu kwamba hii ni taarifa ya habari, na akiwa na njaa alitangaza bei za mazao. Watoto wa kijiji walimwita Redio Mbovu. Mahali alipopapenda kuliko pote palikuwa ndani ya bani, moto wa msimu ukishazimwa. Kuta zake zilikuwa nene, giza lake lilikuwa la rangi ya kahawia, na hewa yake ilibaki na ile harufu tamu ya tumbaku iliyoiva kwa joto, harufu iliyo kati ya asali na ngozi mpya. Aliingia humo kila alipochoshwa na makelele ya dunia, na kabla ya kuketi alifanya jambo ambalo hakulisahau hata siku moja: aliweka jiwe mlangoni. Kilikuwa kipande cha jiwe la kusagia la bibi yetu, lililovunjika zamani, chenye ukubwa wa kumjaa kiganja. Alikiweka kati ya mlango na fremu ili ubaki ufa mwembamba, kisha akaketi kuutazama mwanga uliopenya kama kamba iliyovutwa. Nyumbani hatukuwa na neno la kitaalamu kwa hayo. Tulikuwa na desturi: ukikuta jiwe mlangoni, Kabula yumo, pita taratibu.

Shule ilikuwa ng'ambo ya shamba letu, umbali ambao mtu akiitwa kwa nguvu anasikia. Ilijengwa na wazazi, kama shule nyingi za kwetu. Wanaume walifyatua matofali, wanawake wakabeba maji. Kwa miaka mitatu mfululizo, kila Januari, Mama alimwogesha Kabula, akampaka mafuta, akampeleka kuandikishwa, na kila mara Mwalimu Mkuu alimwambia arudi mwakani, mtoto akishatulia. Mwaka wa nne Mama alikwenda na mkeka. Aliutandika mbele ya mlango wa ofisi, akaketi na Kabula, akaanza kuchambua maharage. Siku ya kwanza Mwalimu Mkuu alimruka. Siku ya pili alimzunguka. Siku ya tatu alisimama, na mimi nilikuwa dirishani katika darasa la nne nikisikia kila neno.

"Mama Kabula, hapa si sokoni."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimesema hapa si sokoni."

"Najua. Sokoni wananipokea." Mama hakuinua macho kwenye ungo wake. "Maji ya matofali haya niliyabeba mimi, tumbo likiwa na huyu. Ukihesabu vizuri, Mwalimu, huyu aliingia shule hii kabla yako."

Wazazi waliokuwa wakisubiri zamu yao waliangua kicheko, na Kabula akaziba masikio. Mchana ule aliandikishwa darasa la kwanza, akiwa na miaka kumi na moja. Kijiji chetu hakiko mbali na njia ya zamani ya misafara, na sisi ni wajukuu wa wapagazi, watu ambao mabega ya babu zao yalibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Kwetu neno mzigo halitamkwi ovyo. Jirani mmoja alipomwambia Mama kwa huruma ya kweli kwamba Mungu amemtwisha mzigo mzito, Mama alimjibu: "Mzigo ni tumbaku, wifi. Huyu ni mtoto."

Mwalimu wa darasa la kwanza aliitwa Theodora, msichana mgeni aliyetoka Ziba, upande wa Igunga, na Kiswahili chake kilikuwa na mvuto wa Kisukuma ambao watoto waliuiga kwa siri. Hakusomea elimu maalumu. Alikuwa na macho. Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini na kupigwa kwa nondo, na siku ya kwanza ilipolia Kabula alipiga yowe, akakimbia kuvuka shamba mpaka ndani ya bani. Watu wazima wengi walioona tukio hilo walihitimisha kwamba mtoto hawezi shule. Mwalimu Theodora alihitimisha kwamba mtoto ameshtushwa. Alimwagiza mpiga kengele, msichana wa darasa la sita, kwamba kabla ya kupiga ainue mikono yote miwili juu na kuhesabu mpaka tano. Kabula akakalishwa karibu na mlango, mlango ukaachwa wazi, na mikono ilipoinuka aliziba masikio yake kwa utulivu wa mtu anayefungua mwavuli. Baada ya wiki mbili darasa la kwanza lote lilikuwa likiziba masikio, mwanzoni kwa mzaha, kisha kwa mazoea. Kufikia mwezi wa nne ilikuwa shule nzima. Jina la utani halikufa, lakini lilipoteza makali; wenzake walimkimbilia asubuhi wakimwuliza, "Redio, leo kuna habari gani?" naye aliwatangazia. Alijifunza kuandika jina lake na kusoma silabi, polepole, kama wengine wengi. Hakuwa na kipaji kilichofichika. Nalitaja hili kwa ajili ya msomaji anayesubiri nimwambie kwamba Kabula alikuwa hodari wa hesabu, au alipanga majani ya tumbaku kwa madaraja vizuri kuliko wanunuzi, ili haki yake ya kukaa darasani ipate sababu. Hakuna sababu. Alikuwa mtoto wa kijiji kile, na hiyo ni hoja iliyokamilika.

Mwezi wa sita tukaambiwa kwamba wageni wanakuja kutoka wilayani. Madarasa yalipakwa chokaa, mawe ya njiani yakapakwa chokaa, hata mti wa kengele ukapakwa chokaa. Mchana wa siku iliyotangulia Mwalimu Mkuu alinisimamisha nyuma ya stoo. Aliongea kwa upole, na upole ule ndio nilioukumbuka baadaye kuliko maneno. "Yustina, wewe ni mtoto mwelewa. Kesho dada yako apumzike nyumbani, kelele zisije zikamsumbua. Mwambie mama yako." Sikumwambia Mama. Baba alikuwa porini kwa wiki nzima akivuna asali, na Mama angeondoka alfajiri kupeleka tumbaku kwenye ghala la chama cha ushirika. Nimejaribu kwa miaka mingi kujidanganya kwamba nilisahau, au niliogopa kumsumbua. Ukweli ni mwepesi zaidi. Nilijua kwamba nikimwambia, angeiacha tumbaku na kuchukua mkeka. Nilijua hivyo kwa uhakika, na sikutaka mkeka ule utandikwe mbele ya wageni siku ambayo mimi ningesimama mstari wa mbele. Nilitaka, kwa asubuhi moja tu, kuwa mtoto asiye na dada.

Kesho yake asubuhi Kabula alikuwa ameshavaa sare. Nilimwambia twende bani kwanza, naye akanifuata kwa furaha, akaweka jiwe lake, akaketi mahali pake. Nilisimama nje kitambo nikiutazama ule ufa. Nilijiambia kwamba anapapenda hapa, kwamba ataona raha kuliko kule kwenye ngoma na makofi, kwamba mimi ni dada mwema. Kisha nikalisogeza jiwe kwa mguu, nikavuta mlango, nikasukuma komeo. Chumba kilikuwa kilekile, harufu ileile, giza lilelile alilolichagua mwenyewe mara mia. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile kuhusu maana ya kutengwa, na sijaona ufafanuzi ulio wazi kuliko ule uliokuwa miguuni pangu: tofauti ya kimbilio na gereza ilikuwa kipande cha jiwe, na nani amekiondoa.

Ngonjera yetu ilihusu elimu kwa wote. Siandiki hivyo kwa kejeli. Ndiyo mada tuliyopewa, na mimi ndiye niliyepewa ubeti wa haki ya kila mtoto. Kengele ilipigwa kwa nguvu, mara mbili, bila mikono kuinuliwa, kwa sababu Mwalimu Mkuu alitaka mambo yaende kwa ukakamavu. Mlio wa pili ulipokuwa ukififia, kishindo kikaanza upande wa pili wa shamba. Mgeni mmoja aligeuza shingo. "Hiyo ni nini?"

"Wanatwanga, mheshimiwa," alisema Mwalimu Mkuu. "Majirani zetu ni wachapakazi."

Watu walicheka. Ubeti wangu ukafika, nikausema wote, kwa ishara za mikono, bila kukosea hata neno moja. Katika mambo yote ya asubuhi ile, hilo ndilo linalonitisha mpaka leo: sikukosea hata neno moja. Mwalimu Theodora alitazama nafasi tupu katika mstari wa darasa la kwanza, kisha akanitazama mimi, nami nikatazama vidole vyangu vya miguu. Aliondoka bila kuomba ruhusa. Alivuka shamba akitembea, kisha akikimbia. Kishindo kikakoma. Aliporudi alikuwa amemshika Kabula mkono; sare ilikuwa imejaa vumbi la tumbaku, na ngozi ya vifundo vya vidole ilikuwa imechubuka. Alimpeleka mpaka nafasi yake, akageuka kuwakabili wageni. "Huyu ni Kabula, mwanafunzi wa darasa la kwanza. Amechelewa kwa sababu tulimfungia." Hakulitaja jina langu. Alisema tulimfungia, na ndani ya neno hilo moja kulikuwa na nafasi ya Mwalimu Mkuu, na yangu, na ya kila aliyekuwa amecheka kuhusu kutwanga. Ndipo Kabula, kwa sauti iliyokwaruza kwa kulia, akatangaza: "Tunaomba radhi kwa kukatika kwa matangazo." Wageni walicheka tena. Mimi nililia mbele ya shule nzima, na watu wakadhani ni furaha ya ngonjera.

Jioni Mama aliiona mikono ile ya Kabula, nikamwambia yote. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi; nilingojea fimbo, na fimbo ingenipa nafuu. Alichukua nyundo, akaling'oa komeo pamoja na misumari yake, akalitupa katika shimo la choo. "Ungeniambia," alisema tu, "ningekuja na mkeka." Msimu uliofuata mlango wa bani ulifungwa kwa kamba, joto likavuja, tumbaku yetu ikashuka daraja, na bado hakurudisha komeo. Kabula hakuingia tena humo. Alisoma mpaka darasa la nne. Mwalimu Theodora alihamishwa. Sina ushahidi kwamba uhamisho wake ulihusiana na asubuhi ile, na nimefundishwa kutodai nisichoweza kuthibitisha. Naweka tu mfuatano: alihamishwa, mpiga kengele mpya hakuinua mikono, Kabula akarudi nyumbani, na daftari la mahudhurio likaandika kwamba mwanafunzi ameacha shule. Halikuandika kwamba shule ilimwacha mwanafunzi.

Neno usonji nilikutana nalo chuoni, miaka mingi baadaye, na daktari mmoja mjini Tabora alipomwona Kabula akiwa mtu mzima alilithibitisha. Siku hizi naandika tasnifu ya uzamili kuhusu elimu jumuishi. Nimetembelea shule zenye mitelemko ya viti vya magurudumu milangoni na neno jumuishi kwa rangi ya buluu ukutani, mambo ambayo utotoni mwangu hayakuwapo, na nisingekuwa mkweli nikisema hakuna kilichobadilika. Lakini nimewasikia pia walimu wakiniambia hujafa hujaumbika, kwa nia njema, na kila mara methali hiyo hunikera. Inatutaka tumheshimu mlemavu kwa hofu kwamba kesho tutakuwa kama yeye. Mama hakuhitaji kuogopeshwa. Na Kabula, tangu asubuhi ile, hajaingia katika chumba chochote bila jiwe lake. Hulibeba kwenye mfuko wa kitambaa: kanisani, zahanati, kwenye nyumba ya msiba. Huliweka mlangoni kwanza, ndipo huketi. Watu husema ni tabia ya ugonjwa wake. Si kweli. Kabla ya hapo lilikuwa jiwe la bani peke yake. Milango mingine yote alifundishwa na mdogo wake.

Wiki iliyopita, nikiwa maktabani nikirekebisha sura ya vikwazo vya ushiriki, simu yangu ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la familia, kutoka kwa kamati ya sherehe ya kuniaga kabla ya ndoa, ile ambayo siku hizi kila mtu huiita sendofu, itakayofanyika katika ukumbi mjini Tabora. Kulikuwa na mambo ya keki, ya maua, ya sare za vitenge, na chini kabisa: kuhusu Dada Kabula, kamati imeona siku hiyo apumzike kwa mama mchungaji, kelele zisije zikamsumbua. Apumzike. Neno lilelile, upole uleule, kana kwamba Mwalimu Mkuu alikuwa ameingia kwenye kundi letu. Nilitoka nje nikaketi ngazini.

Kwa siku nne sikujibu. Niliandika majibu sita na kuyafuta yote. Nilijiuliza kama hawana hoja, maana spika za ukumbini zinamwumiza kweli. Nilijiuliza kama hasira yangu ni ya haki au ni deni la mtoto wa miaka tisa linalotaka kulipwa mbele za watu. Nilijiuliza, kwa aibu, kama mimi mwenyewe, mahali fulani ndani yangu, sikuona nafuu niliposoma ujumbe ule. Kisha Mama akanipigia kwa jambo lingine kabisa, na katikati ya maongezi akasema kwamba Kabula hulala na kitenge chake cha sare chini ya mto, na kila wakati wa chakula hutangaza tarehe ya sherehe kwa sauti ya taarifa ya saa mbili. Mama hajui kutumia makundi ya simu. Hakuwa ameambiwa lolote. Safari hii tena, mtu aliyepewa ujumbe wa kufikisha alikuwa mimi, na safari hii niliona aibu zaidi ya kukaa kimya kuliko ya kuwa na dada. Nilimwambia. Mama akauliza ule mkeka wake wa zamani uko wapi. Nikamwambia auache ulipo, asubiri kidogo. Nikampigia Baba Mdogo, mdogo wake Baba, mwenyekiti wa kamati.

"Bibi harusi!" alipokea kwa furaha. "Siku nne kimya, tulidhani umeshatoroka."

"Shikamoo, Baba Mdogo. Nimepiga kuhusu Kabula."

"Marahaba, mwanangu. Ah, hilo tulishalimaliza. Atapelekewa pilau lake na soda yake kulekule. Tunamhurumia tu."

"Atakaa meza ya mbele, kulia kwangu."

Alicheka, akidhani natania. "Yustina, huyo MC tuliyempata akishika kipaza sauti, Nzega wanamsikia."

"Basi kabla ya kila muziki atainua mikono yote miwili juu, ahesabu mpaka tano. Ukumbi mzima tutaziba masikio. Sauti ikizidi, ipunguzwe."

"Na wakwe zako watasema nini?"

"Watasema bibi harusi ana dada."

"Na kamati ikikataa?"

"Na mimi nitapumzika kwa mama mchungaji. Mtakiaga kiti."

Akaguna, mguno wa mtu mzima anayeona mvua imeshanyesha na mbegu zimeshalowa. "Wewe kweli ni mtoto wa Mama Kabula. Haya. Lakini mlango wa ukumbi ule ni wa chuma, hujifunga wenyewe, na najua yule hakai penye mlango uliofungwa. Tutauzuia na nini?"

"Usihangaike, Baba Mdogo," nikamwambia. "Jiwe atakuja nalo mwenyewe."